Tundu la shingoni si oksijeni

Wageni wanaokuja Himbi, mtaa wa mjini Goma, Kongo, kumjulia hali baba mkubwa humaliza salamu kisha huuliza mtungi wa oksijeni uko wapi. Wameona tundu shingoni na mrija uliofungwa kwa utepe, na kwao mtu wa namna hiyo hawezi kuishi bila mashine. Baba mkubwa hatumii oksijeni hata kidogo. Mapafu yake ni mazima. Kilichoharibika ni njia, kwani uvimbe uliota kooni ukaziba mahali hewa inapopita, ndipo daktari akafungua njia nyingine chini ya kongomeo, kwenye trakea, lile bomba linalopeleka hewa mapafuni.

Jirani yake wodini alikuwa na shida iliyo kinyume kabisa. Koo lake lilikuwa wazi, lakini nimonia ilifanya mapafu yashindwe kuchukua oksijeni ya kutosha kutoka kwenye hewa ya kawaida, ambayo ina asilimia 21 tu. Alivalishwa mipira miwili midogo puani, na kwa njia hiyo kila lita moja ya oksijeni kwa dakika huongeza takriban asilimia 4 juu ya zile 21, ingawa hilo ni kadirio linalobadilika kwa jinsi mgonjwa anavyohema. Wako wanaohitaji vyote viwili, tundu na oksijeni. Hao hupewa oksijeni shingoni, kwa barakoa ndogo inayokaa juu ya tundu, maana ikiwa mrija una puto lililojazwa ndani ya trakea, oksijeni ya puani haifiki mapafuni.

Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Asilimia ya oksijeni ni ile ile ya Mombasa, ila shinikizo la hewa ni dogo, kwa hiyo kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damu kikionyesha asilimia 94 kwa mtu mzima asiye na ugonjwa, hakuna haja ya kupiga kelele. Kinachotusumbua zaidi hapa ni umeme. Mashine inayochuja naitrojeni ili ibaki oksijeni haihitaji kujazwa, lakini umeme ukikatika nayo inanyamaza, na hapo ndipo mtungi unapotafutwa. Mtungi wenye ujazo wa lita 10, ukijazwa kwa shinikizo la bar 150, hutoa kama lita 1,500 za gesi. Mgonjwa anayetumia lita 5 kwa dakika ataumaliza kwa saa 5. Anayelala na mgonjwa aifanye hesabu hiyo mapema, wakati duka au hospitali ya kujazia bado iko wazi, na jiko la makala likae mbali na chumba chenye oksijeni.

Kwa baba mkubwa kazi yetu kubwa ni makohozi. Pua hupasha hewa joto, huitia unyevu na kuzuia vumbi. Hewa inayoingilia shingoni haipati huduma hiyo. Kila asubuhi mama mkubwa huchomoa mrija wa ndani, ule unaokaa ndani ya mrija wa shingoni, huuloweka katika maji yaliyochemshwa yakapoa, huusugua kwa brashi nyembamba na kuutazama kwenye mwanga kabla ya kuurudisha. Wakati wa kiangazi, pikipiki zinapotimua vumbi la lava, makohozi hutoka mazito yenye chembe nyeusi, na ndiyo maana shingoni huning'inizwa shashi yenye unyevu. Tukiyanyonya kwa mashine, hatuzidishi sekunde 10 hadi 15, na tunanyonya wakati wa kuutoa mpira wa kunyonyea, si wakati wa kuuingiza.

Sauti hana, kwa sababu hewa haipiti tena kwenye nyuzi za sauti; huitikia salamu kwa kugonga meza. Kuna mgeni aliyesikia kwamba wagonjwa wengine huziba tundu kwa kidole wakaongea, akataka baba mkubwa ajaribu. Ni kweli kwa wale ambao koo lao la juu liko wazi na mrija wao hauna puto lililojaa. Kwa baba mkubwa, kuziba tundu ni kumkaba, na jambo hilo tumelieleza hata kwa watoto wanaopenda kumfunika shuka hadi kidevuni.

Kando ya kitanda kuna mrija wa akiba wa saizi ile ile na mwingine mdogo kidogo. Akianza kuhema kwa shida, tumefundishwa kuchomoa kwanza mrija wa ndani, kwani mara nyingi ndio ulioziba, kisha kunyonya. Asipopata nafuu mara moja, tunakimbia hospitali naye, mirija yote miwili ikiwa mkononi.