Siku moja maishani mwangu: bei ya kupiga picha na bei ya kuitumia

Saa 11 alfajiri. Adhana ya msikiti wetu hapa Kisauni, Mombasa, ndiyo huniamsha, simu hufuata. Leo kwenye simu palikuwa na LPO, yaani hati ya kuagiza kazi, iliyotumwa usiku wa manane na kampuni ya rangi za nyumba kutoka Nairobi. Wamewaleta wauzaji wao wa nchi nzima kwenye hoteli moja ya ufuoni kule Bamburi, mkutano mchana na zawadi usiku. Bei ni ile tuliyopatana wiki iliyopita, shilingi 45,000 niwapigie picha siku nzima. Ila chini kabisa, kwa herufi ndogo ndogo, palikuwa na mstari ambao hatukuwahi kuuzungumzia: picha zote ni mali ya kampuni, kwa matumizi yoyote ya masoko, popote, milele.

Mstari huu siku hizi haunikasirishi. Mara nyingi mtu wa manunuzi amenakili tu karatasi ya mwaka jana. Lakini siuachi upite. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 kinasema hakimiliki huanza kwa aliyeitunga kazi, ila kazi ikiwa ni ya kuagizwa huhesabiwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa wawili hao wawe wamekubaliana vingine. Wapiga picha wengi wa rika langu wamesoma mitandaoni mambo ya Marekani, kwamba picha ni ya aliyeipiga, wakalala usingizi wa pono. Kwetu ukinyamaza umeshauza.

Saa 12 na nusu. Mahamri, mbaazi, chai ya rangi. Betri zimejaa, memori kadi ni tupu, lenzi zimepanguswa. Tuktuk hadi Bamburi.

Saa 2 asubuhi. Afisa masoko, kijana mtaratibu mwenye simu mbili, alinikuta kwenye ukumbi wa mapokezi.

"Dada, LPO umeiona?"

"Nimeiona, shukran. Kuna mstari pale chini tuuzungumze kabla sijafungua mkoba."

Akacheka. "Ule ni wa kawaida, huwekwa kwa kila mtu. Na si tunakulipa?"

"Mnanilipa nije nipige, na mzitumie kwenye ripoti, jarida la ndani, tovuti yenu na kurasa zenu. Kaka, ukipanga nyumba yangu mwaka mmoja, utaondoka na hati ya kiwanja?"

Hapo akavuta kiti. Sikumtajia bei, nilimuuliza maswali. Picha zitawekwa wapi? Kwa muda gani? Ni ngapi hasa? Nani mwingine atazitumia zaidi ya nyinyi? Ilikuwa wazi hakuna aliyewahi kumuuliza, kwa sababu ilibidi apige simu Nairobi. Majibu yaliporudi, ile "milele na popote" ilikuwa imesinyaa: mabango mawili ya barabarani, kalenda ya ukutani ya kugawia maduka ya hardware, na matangazo ya kulipia kwenye Facebook na Instagram. Yote Kenya, yote mwaka mmoja, picha zisizozidi sita.

Nikampa bei mbili. Wakitaka kununua hakimiliki yote moja kwa moja, ni 180,000 juu ya ile ya siku. Wakitaka leseni, yaani ruhusa ya kutumia tu, ya picha sita, mwaka mmoja, Kenya pekee, ni 8,000 kwa picha, yaani 48,000. Hakuna kanuni ya serikali inayopanga viwango hivi. Mimi huangalia picha itaonekana na watu wangapi, itawasaidia kuuza nini, na ingewagharimu kiasi gani kukodi studio na wanamitindo wapige upya. Ukiona hesabu hiyo ya mwisho, 8,000 ni bei ya kirafiki.

Alichagua ya pili. Tukaandika ukurasa mmoja, tukaufuta ule mstari kwenye LPO, tukatia sahihi wote wawili. Ndipo nikafungua mkoba.

Saa 3 hadi saa 7. Hotuba, chati, watu wanaosinzia. Mlangoni tulibandika tangazo kwamba kuna mpiga picha, na asiyetaka kupigwa apewe utepe mwekundu wa kitambulisho. Hili nalisisitiza tangu Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data alipoitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mitandaoni bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto. Na tangazo la mlangoni halitoshi kwa bango. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 37, inataka ridhaa ya wazi kabla taarifa za mtu hazijatumika kibiashara, na sura ya mtu ni taarifa zake.

Nusu ya kazi zangu, kwa kweli, ni harusi za hapa pwani, zile shughuli za usiku za wanawake peke yao, simu zote zimeachwa mlangoni. Huko mambo ni kinyume kabisa: hakuna anayeruhusiwa kutumia picha, hata mimi mwenyewe kujitangazia. Basi na hilo lina bei. Kazi nisiyoweza kumwonyesha mteja mwingine huitoza zaidi, na mama wa bi harusi hulipa bila ubishi, maana anajua ananunua nini. Kampuni kubwa ndizo hushangaa.

Saa 7 na nusu. Nikiwa na sahani ya biriani mkononi, akaja mama mmoja wa kampuni iliyodhamini chakula. "Mpenzi, zile za meza yetu na nembo nitumie baadaye, tutaziposti."

Kwa upole nikamweleza kwamba leseni ni ya kampuni ya rangi peke yake. Nao hawawezi kumgawia, kwa kuwa ukurasa tuliotia sahihi asubuhi unasema hivyo. Mdhamini akitaka za kwake, anazungumza na mimi, na bei yake ni ndogo kwa sababu kazi imeshapigwa. Hakupendezwa sana. Akachukua namba yangu.

Saa 10 jioni. Kikundi cha ngoma kilitumbuiza bustanini, kina mama wamevaa hando, kayamba zinalia, jua la jioni linakuja kwa ubavu. Nilipata picha moja ambayo kijana wa masoko alipoiona kwenye kioo cha kamera alisema papo hapo, "Hii ndiyo kalenda, mwezi wa kwanza."

Nikamwambia ngoja. Nikaenda kwa mzee kiongozi wao, nikamwonyesha.

"Nzuri, mwanangu," akasema. "Lakini sisi tumelipwa kucheza nusu saa. Kalenda hukaa ukutani mwaka."

Sikuwa na la kuongeza. Nilimwita kijana, nikawaacha wazungumze. Shilingi ngapi, sikuuliza. Waliporudi nilitoa fomu zangu za ridhaa, ambazo nimeziandika kwa Kiswahili ili mtu ajue anachotia sahihi, na kila mama aliyeonekana usoni akaweka yake. Mmoja alikataa, ana sababu zake. Nikachagua fremu nyingine ambayo hayumo.

Saa 2 usiku. Zawadi. Mshindi wa mauzo alikuwa mama mwenye duka la hardware kutoka Voi, akakabidhiwa tuktuk mpya jukwaani na kuipigia vigelegele mwenyewe. Alipoambiwa kuhusu bango alitaka kuona kwanza alivyotoka. Alikataa mbili, akakubali ya tatu, akatia sahihi.

Saa 5 usiku. Nyumbani. Nakala kwenye diski mbili, halafu ankara ya eTIMS, ule mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi, KRA, yenye mistari miwili, sio mmoja: kupiga picha 45,000, leseni ya matumizi 48,000. Nikiweka jumla peke yake, mwakani watasema bei ya siku ni 93,000 na kila kitu kimo ndani. Watakata kodi ya zuio, ile anayelipa huikata na kuipeleka KRA, asilimia 5, yaani 4,650, na hati yake nitaidai.

Mama mdhamini alikuwa ameandika WhatsApp: anataka tatu, ataongea na bosi wake Jumatatu. Nikamtumia bei na muda.

Mwisho nikaweka kikumbusho kwenye simu, mwezi mmoja kabla leseni haijaisha, nimuulize yule kijana kama mabango yanabaki au yanashuka. Yakibaki ni 48,000 nyingine, na nitawapunguzia kidogo kama hii ya sasa itakuwa imelipwa kwa wakati.