Kutoka Unguja hadi kwa Jules Verne

Mwanamume wa jiwe jeupe amelipasua kaburi lake, bamba la juu bado limemkalia mgongoni, mkono ameunyoosha mbinguni. Hilo ndilo kaburi la Jules Verne, mwandishi wa riwaya wa Kifaransa, katika makaburi ya La Madeleine, mjini Amiens, Ufaransa, kazi ya mchongaji Albert Roze. Nilifika na mvua, baada ya safari ya treni ya saa moja na ushei kutoka Paris.

Mimi mtu wa Unguja, na Unguja ndiyo iliyonileta. Riwaya iliyomtoa Verne, Wiki Tano katika Puto ya mwaka 1863, inaanzia kwetu: wasafiri watatu kutoka Uingereza wanaruka Zanzibar kwa puto, wanavuka bara hadi mto Senegal. Mwenyewe hakuwahi kukanyaga Zanzibar. Aliijenga akiwa Paris, kwa ramani na maandishi ya wasafiri kina Burton na Speke. Humo wenyeji wanalipinga puto, wakidhani linakwenda kudhuru jua na mwezi, hata likahamishiwa kisiwa kingine kidogo. Kila nikifika hapo huumia. Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi, na mbingu ndiyo iliyokuwa ramani yake. Mimi Kilimia, lile kundi la nyota, nilionyeshwa naye kabla sijajua kusoma.

Hata hivyo nampenda Verne, na nyumbani kwake nilimpenda zaidi. Ni nyumba ya matofali yenye mnara, aliishi humo tangu 1882 hadi 1900. Unapita vyumba vya fahari, halafu juu unakuta kijichumba: kitanda chembamba, meza, dirisha. Saa 11 alfajiri alikuwa tayari anaandika. Mwaka 1886 mtoto wa kiume wa ndugu yake, aliyeugua akili, alimpiga risasi mguuni, akachechemea hadi kufa kwake, 1905. Mwaka huohuo wa risasi aliiuza meli yake, Saint-Michel III. Mtu aliyependa bahari kiasi kile, akabaki bara, diwani wa mji! Lakini vitabu havikukoma.

Nilisimama sana mbele ya tufe la dunia. Mama mmoja mwangalizi akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Zanzibar. Akatazama tufe, akanitazama mimi, akauliza kama kwetu watu waliliogopa puto kweli.

Nikamweleza habari za babu, na Kilimia.