Nilivyoivalisha Kombi yangu rimu za inchi 16

Nikiri mapema kwamba nilianza kwa sababu ya sura. Kombi yangu ni Volkswagen ya 1974, yenye kioo kimoja kipana cha mbele, na kila nikiitazama kwa ubavu, na matairi yake ya kiwandani ya 185R14C, nilikuwa naona mtu wa miraba minne aliyevaa kandambili za mtoto.

Mwanzoni nilizitamani rimu za inchi 18. Kwa hesabu ya kipenyo zilikubali kabisa: tairi la 225/45R18 lina urefu wa milimita 660 hivi, na lile la zamani ni karibu 650. Kilichoniamsha ni namba ndogo iliyo ubavuni mwa tairi, 95, yaani tairi moja linaweza kubeba kilo 690. Langu la zamani liliandikwa 102, yaani kilo 850. Kombi ikijaa watu na mizigo hupita tani mbili, tena injini iko nyuma, kwa hiyo matairi ya nyuma ndiyo yanayobeba sehemu kubwa. Tairi la gari dogo chini ya mzigo huo ni kujitafutia balaa. Rimu za 18 nikaachana nazo, ingawa picha yake bado ninayo kwenye simu.

Nikashuka hadi inchi 16, matairi ya 205/65R16C. Hiyo C ya mwisho ni alama ya tairi la gari la mizigo. Namba yake ni 107, kilo 975. Kipenyo chake kinafika milimita 673. Rimu nilizipata zilizokwisha kutumika kwenye Mercedes-Benz, 7J kwa 16, yaani upana wa inchi 7 na kipenyo cha 16. Kwa nini Mercedes? Kwa sababu Kombi za kuanzia mwisho wa 1970 zina boliti tano kwenye duara la milimita 112, na Mercedes nyingi ni hivyo hivyo. Kombi za kabla ya hapo ni 205, huko sikushauri kitu. Kama huamini ulichoambiwa na muuzaji, pima mwenyewe: kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalofuata baada ya kuruka moja. Ukipata milimita 106 na nusu, gawanya kwa 0.951, utaona 112.

Ofseti ndiyo iliyonikosesha usingizi. Ni umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso wake unaogusa habu, kitovu ambacho rimu inafungwa. Rimu ya kiwandani ni 5.5J yenye ofseti ya milimita 39, hizi zangu ni 37, na kwa jicho la haraka unaweza kusema ni mamoja. Si mamoja, maana upana umeongezeka. Nilikaa mezani na karatasi: kwa ndani rimu mpya inasogea milimita 17 zaidi, kwa nje inatoka 21. Nikalala chini ya gari na rula, nikapima nafasi iliyopo kati ya tairi la zamani na kila chuma kilicho jirani. Kwa nyuma ilitosha. Kwa mbele nikasema tutaona.

Rimu zenyewe hazikunisumbua kama boliti. Zile za Mercedes zilitobolewa kwa boliti za milimita 12, na Kombi inatumia za 14. Boliti haiingii, basi. Kuna watu wanachukua drili ya mkononi na kupanua tundu, nami nawaomba waache. Boliti haishiki rimu kwa tundu, inashika kwa kikalio, yaani sehemu ya rimu inayokaliwa na kichwa cha boliti, na kikalio cha rimu hizi ni cha mviringo kama kikombe, kilichokatwa kufuata kichwa cha boliti ndogo. Ukiweka kichwa kikubwa juu yake kinagusa ukingoni tu. Leo kimekaza, baada ya siku chache za mtikisiko kimelegea. Nilizipeleka kwa fundi wa mashine ya kuchonga vyuma, akafungua matundu na kukata vikalio upya kufuata boliti niliyomkabidhi mkononi. Kazi ya siku mbili. Hapo hapo tukagundua boliti za zamani ni fupi, kwa kuwa rimu hizi za aloi ni nene kuliko zile za bati la chuma. Kanuni yake ilikuwa rahisi: uzi ushike angalau sawa na unene wa boliti. Kwa milimita 14 zenye hatua ya 1.5, yaani kila mzunguko boliti inaingia milimita 1.5, hiyo ni mizunguko tisa au kumi. Za zamani zilizunguka mara sita zikagota. Nikanunua ndefu.

Siku ya kufunga niliwaita marafiki sita, wote walaji wazuri, wakakaa ndani. Nikabandika udongo wa watoto wa kuchezea kwenye bati la ndani la matao ya mbele, nikakata usukani hadi mwisho, kushoto kisha kulia, gari likitembea polepole juu ya matuta. Udongo wa kushoto ulitoka na chapa ya tairi, chini ya kidato cha dereva. Ukingo wa bati ulikuwa umejikunja pale, pengine tangu ajali ya mwenye gari kabla yangu. Nikauponda kwa nyundo, nikakwangua kutu niliyoikuta, nikapaka rangi. Jaribio la pili udongo ulibaki safi.

Mwendo umebadilika. Usukani ni mzito zaidi, hasa ukiegesha. Gia ya nne imekuwa ndefu, na injini ya 1600 yenye nguvu farasi 50 haina cha kuazima, kwa hiyo mlimani narudi ya tatu mapema kuliko zamani. Upande wa spidomita nilipata zawadi: kebo yake inazungushwa na gurudumu la mbele la kushoto, na zamani mshale ukisema 80 simu ilisema 76. Sasa inasema 79. Kifuniko cha katikati cha rimu hiyo ya kushoto, kwa sababu ya hiyo hiyo kebo inayochomoza kwenye kofia ya grisi, hakikai. Gari lina vifuniko vitatu.

Kitu nilichokaribia kukosea kabisa ni spea. Tairi jipya halikuingia mahali pake, nikabaki na la zamani la inchi 14, la kunifikisha kwa fundi wa pancha tu, kwa mwendo wa kinyonga. Lakini rimu ile ya bati ni nyembamba. Ukiifunga nyuma kwa boliti ndefu, ncha zinapenya ndani ya ngoma na kukutana na breki. Niliwaza hili usiku, nikaamka, nikaenda kwenye pipa la vyuma chakavu kuzitafuta boliti zangu za zamani. Tano zimo kwenye kimfuko cha kitambaa, kimefungwa kwa waya kwenye wilispana.