Nyoka mwenye kiko begani

Katika safari yangu ya Rio de Janeiro, kilichonivutia kuliko fukwe ni mnara wa askari wa Brazili waliokufa Italia katika Vita vya Pili vya Dunia, ambao mabaki yao yaliletwa mwaka 1960 kutoka makaburi ya Pistoia. Getúlio Vargas, dikteta wa Brazili wakati huo na mjanja kwelikweli, alicheza na pande zote mbili za vita hivyo hadi Marekani ilipomkopesha fedha za kiwanda cha chuma cha Volta Redonda. Agosti 1942 nyambizi moja ya Kijerumani ilizamisha meli kadhaa karibu na pwani ya Bahia na Sergipe, watu zaidi ya 600 wakafa, wananchi wakajaa mitaani kwa hasira, na tarehe 22 serikali ikatangaza vita. Wenye dhihaka walikuwa wakisema kwamba nyoka atavuta kiko kabla Brazili haijapigana; basi wanajeshi wapatao 25,000 waliopelekwa Italia kuanzia 1944 wakashona begani nembo ya nyoka mwenye kiko mdomoni. Waliuteka mlima Monte Castello Februari 1945, baada ya mashambulizi kadhaa kushindwa katika baridi ambayo wengi wao hawakuwahi kuionja. Oktoba mwaka huohuo majenerali walimwondoa Vargas, na sishangai, kwani jeshi lililopigana na udikteta Ulaya lingeulindaje nyumbani?