Dereva alishakiri, nikabaki na hesabu

Wakili mpya akipewa faili la bima ya gari hukimbilia kubishania nani kamgonga nani. Mimi, ninayetetea kampuni za bima, nauliza kwanza dereva alijibu nini kwenye kesi ya trafiki. Mara nyingi ameshakiri kosa ili alipe faini arudi barabarani, na kwa Sheria ya Ushahidi, muda wa rufaa ukishapita, hukumu hiyo haipingiki tena kwenye kesi ya madai. Hapo kinachobaki ni kiasi cha fidia tu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Fuso iliyogonga pikapu ya mama mmoja muuza dagaa pale Igoma, Mwanza. Alidai matengenezo ya gari, magunia yaliyomwagika, na faida ya muda wote aliokaa bila gari. Bima ya lazima chini ya Sheria ya Bima ya Magari, Sura 169, inahusu kifo na majeraha. Mali hutegemea mkataba wenyewe, na huu uliifunika, kwa kikomo.

Majibu ya madai huwasilishwa ndani ya siku 21 tangu kupokea samansi, kwa hiyo nilishuka soko la Mwaloni, Kirumba, mapema. Kule biashara ya dagaa ni ya kuaminiana, risiti ya mauzo huipati. Lakini mzigo hulipiwa ushuru, na stakabadhi inabaki kwa mwenye mali. Hasara mahususi, yaani ile yenye kiasi kinachohesabika, lazima itajwe na kuthibitishwa. Fidia ya jumla ndiyo hakimu huikadiria mwenyewe. Nikakubali matengenezo na magunia yenye karatasi. Faida nikaipinga, maana hapakuwa na daftari wala makadirio ya kodi.

Siku ya usuluhishi nilimwamkia mama. Akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, wewe si unatetea wenye hela?"

"Ndiyo, mama. Lakini tuhesabu gunia kwa gunia."

Tulipofika katikati akafungua pochi, akatoa stakabadhi nyingine ambazo hata wakili wake hakuwahi kuziona (wateja ndivyo walivyo, karatasi muhimu hukaa na vocha za simu). Nikampigia meneja wa madai Dar es Salaam kuomba kiasi kiongezwe. Akafoka: ananilipa nipunguze au niongeze? Nikamtajia gharama ya kuendesha kesi hadi hukumu, ada yangu ikiwemo. Akanyamaza kidogo, akauliza namba ya akaunti ya mdai.