Daraja likinesa, usianze na kilo

Mtu akisikia habari za dampa ya uzito, yaani ule mzigo wa chuma unaokalishwa juu ya springi na shokabzoba chini ya sakafu ya daraja ili utulize mtikisiko, huuliza kwanza ni wa kilo ngapi. Kilo zitakuja. Kinachotangulia ni kujua daraja lenyewe hunesa mara ngapi kwa sekunde, tena kwa usahihi wa sehemu ya mia.

Kwa vivuko vya miguu kama vile vya Thika Road jijini Nairobi, simu inatosha kuanzia. Ilaze sakafuni, katikati ya nguzo mbili, alfajiri kabla wachuuzi hawajatandaza bidhaa. Washa programu ya kupima mtikisiko, mtu mmoja aruke mara moja kisha atulie tuli. Rekodi ya sekunde 10 haitofautishi 1.96 Hz (yaani minesio 1.96 kwa sekunde) na 2. Ya sekunde 100 hutofautisha. Mwendo wa kawaida wa binadamu ni kama hatua 2 kwa sekunde, kwa hiyo daraja lenye 2 Hz limekaa pabaya.

Sasa hesabu. Chukua daraja la chuma la tani 80, limelala juu ya nguzo mbili, linanesa kwa 2 Hz. Katika mneso wa kwanza, yaani ule wa polepole kuliko yote, uzito unaohesabika ni nusu, tani 40. Asilimia 2 ya hizo ni kilo 800. Kwa kanuni ya Den Hartog, mhandisi wa mambo ya mitikisiko, dampa haitegwi kwenye 2 Hz kamili bali 2 ÷ 1.02 (moja na ile asilimia 2), yaani 1.96. Springi zote pamoja ziwe na ugumu wa kilonyutoni 121 kwa mita. Zikiwa nne, kila moja kama 30. Shokabzoba nayo itoe nguvu ya nyutoni 1,650 hivi kwa kila mwendo wa mita 1 kwa sekunde. Ikiwa ngumu mno, mzigo unashikana na daraja na unabaki kuwa kilo 800 za bure. Ikiwa laini mno, unapata minesio miwili mipya, mmoja chini ya 2 Hz na mwingine juu yake. Ikikaa sawa, daraja ambalo uwezo wake wa asili wa kunyonya mtikisiko ni asilimia 0.4 tu, lililokuwa likikuza msukumo wa hatua mara 125, litaukuza kama mara 10.

Springi hizo zikibeba mzigo zitabonyea milimita 65. Nambari hiyo ndiyo inayofanya madaraja marefu yawe kazi nyingine kabisa. Kwa 0.45 Hz springi hubonyea mita 1.2, kwa 0.2 Hz, zaidi ya mita 6, na hakuna boriti ya kuificha. Daraja la Volgograd nchini Urusi lilipopigwa na upepo Mei 2010 likapanda na kushuka kama wimbi, lilifungwa dampa 12 mwaka uliofuata, za aina ambayo nguvu ya shokabzoba hubadilishwa kwa umeme. Lakini upepo ukishaanza kulisokota daraja lenyewe, kama Tacoma Narrows, daraja la Marekani lililovunjika mwaka 1940, dampa si jibu. Badilisha umbo la sakafu.

Kinachoharibu kazi hapa kwetu ni mabadiliko baada ya ufungaji. Watu 100 wa kilo 70 wakitapakaa kwenye daraja hilo la mfano hulishusha kutoka 2 Hz hadi 1.92, na dampa inabaki nyuma. Bango la matangazo au paa la mabati hufanya vivyo hivyo, tena kwa kudumu. Ndiyo maana mimi husisitiza mzigo uwe wa mabamba ya kufungua: bamba la kilo 8 likitolewa, dampa hupanda kama 0.01 Hz. Likiongezwa, hushuka kiasi hichohicho. Weka nafasi ya kuongeza au kupunguza asilimia 10 ya mzigo, na nati zote ziwe za kujifunga, ndani ya kisanduku chenye kufuli, kwa sababu vyuma chakavu vina soko Nairobi na bamba lililoibwa halipigi kelele. Kila ukaguzi, pima ule mbonyeo kwa rula: milimita 65 ikigeuka 58, mabamba kama 11 hayapo.