Kanzu ya Samweli na shati ya kijana yangu

Bwana asifiwe wapendwa. Juma hii tafakari imechelewa, munisamehe, ilipaswa kutoka siku ya ine kama kawaida lakini siku ya ine nilikuwa nalia mu ateliye yangu ya kushona, na muntu hawezi kuandika neno la Mungu na makamasi.

Kijana yangu wa kwanza alifikisha miaka 18 siku ya tatu. Wale wa Kadutu, hapa Bukavu, munamujua, ni yule anapigaka gitari ku ibada ya pili. Tangu mwezi jana nilikuwa nawaza nitamufanyia nini, ju sina franga ya kukodesha sale, sina ya gato ya ngazi tatu na muziki na watu 60 wa kuketi mu viti vya plastiki, lakini niko na mashini na niko na mikono, nikasema nitamushonea shati. Kulikuwa kipande ya kitenge ya bluu yenye nilibakisha ku nguo za wamama za 8 Machi, nzuri sana. Ju ya kumushtukiza sikumupima. Nikafungua tu kaye yangu yenye naandikaka vipimo vya wateja, nikakuta jina yake, mabega 41, mukono 57, nikakata, nikashona usiku mbili wakati wote wamelala.

Siku ya tatu asubui nikamupatia. Akaingiza mukono wa kwanza, akaingiza wa pili, akavuta mbele afunge kifungo, na nikasikia ile sauti yenye kila fundi anaijua. Mugongo wote. Kutoka ku shingo mpaka chini ya kwapa. Mutoto akacheka, akaniuliza, "Mama, hivi vipimo ni vya wakati gani?"

Nikarudi ku kaye kuangalia. Nilimupima mara ya mwisho akiwa na miaka 14.

Wapendwa, mimi nimepima mabibi harusi wa huu muji, nimepima mapasta, nimepima kwaya mbili nzima na sauti zote, kuna wamama naweza kuwaambia kiuno chao bila kufungua kaye. Mutoto wangu mwenye analala mu chumba ya pili, miaka mine sikumuwekea mita ku bega. Ile njo iliniumiza, siyo kitenge.

Basi usiku nikafungua 1 Samweli 2, kwa Hana. Sisi wote tunajua Hana wa kulia, Hana wa kuomba mutoto, kila juma ya wamama tunahubiriwa Hana wa sura ya kwanza. Lakini angalieni mustari wa 19, ule mustari mudogo wenye tunaurukaka. Samweli yuko Shilo kwa kuhani Eli, mama yuko Rama, na kila mwaka wakati wanapanda kutoa dhabihu, mama anamuletea kanzu ndogo yenye amemushonea. Mwaka kwa mwaka. Sasa mimi fundi nauliza swali yenye wahubiri hawaulizake: Hana alijuaje kipimo? Mutoto anamuona mara moja mu mwaka. Hakuna simu, hakuna foto ya WhatsApp. Kanzu anaishona mbele ya kuona mutoto, siyo nyuma. Ni kusema alikuwa anapita mu kijiji yake Rama anaangalia watoto wa watu, anasema huyu alizaliwa mwaka moja na wangu, ona magoti yake iko wapi sasa. Na alikuwa anaacha mukunjo chini, nakuapieni, kila mama mwenye kushonea mutoto mwenye hayuko karibu anaachaka mukunjo, ju ya miezi yenye itafuata. Na wakati alimuvalisha ile ya zamani haikuingia tena, akaibeba kurudi nayo nyumbani, na mimi nafikiri hakuipatia muntu.

Na musiniambie Hana alikuwa na wakati. Mustari wa 21 unasema Bwana alimujalia akazaa tena wana watatu na binti wawili. Watoto watano mu nyumba, na kanzu ya yule wa mbali haikukosa. Mimi yangu haiko hata mbali, anakulaka sombe yangu kila siku!

Ile kanzu njo aniversere, sikukuu ya kuzaliwa, yenye mimi naikuta mu Biblia. Bila mushumaa, bila wimbo. Muntu anakuletea nguo ya kipimo yako ya mwaka huu, ni kusema mwaka muzima alikuwa anakuwaza, na amekubali kama hauko tena yule wa mwaka jana.

Najua kuna ndugu wataandika hapa chini kama aniversere ni ya wapagani, ju mu Biblia zile zinaitwa siku ya kuzaliwa ni ya Farao mu Mwanzo 40, muoka mikate akatundikwa, na ya Herode mu Marko 6, Yohana akakatwa kichwa. Ni kweli. Watoto wa Ayubu nao walikuwa wanafanya karamu kila mumoja mu siku yake, na baba yao anaamuka asubui na mapema kuwatolea dhabihu, mutu asome mwenyewe. Sina nguvu ya ile mabishano juma hii.

Lakini ju ya Herode niko na neno. Kile kilimuharibu haikuwa siku, ilikuwa wageni. Biblia inasema mufalme alihuzunika sana, lakini ju ya viapo vyake na ju ya wale waliokaa karamuni hakutaka kumukatalia binti mwenye aliomba kichwa ya Yohana. Alijua ni mubaya. Aliogopa macho ya watu wa ku meza! Sasa sisi hapa Bukavu, wazazi wa leo, ni mara ngapi tunafanyaka aniversere ya Herode? Unakopa ku likelemba, ile kikundi ya kuchangishana franga, unakopa kwa jirani, mutoto anafukuzwa masomo ju ya minerval lakini sale imelipwa, gato imeandikwa jina na karanga za rangi, foto 200, na kesho yake mu nyumba hakuna hata sambaza ya franga kidogo. Kwa nani? Kwa wale waliokaa karamuni. Na wale wenyewe wakifika kwao wanasema nyama haikuenea. Wapendwa tuache. Nasema kwa upendo lakini nasema: tuache. Mama mwenye anasoma hii na tayari amelipa avansi, enda uombe wakurudishie hata nusu, aibu ya siku moja si kitu.

Na nyinyi vijana, musicheke, nakuja kwenu. Siku ile ya tatu saa kumi, kijana yangu akarudia nyumbani na marafiki zake, wamemumwangia maji, unga, na mayai. Nilihesabu maganda mu lupango, mayai 12. Mu quartier kwetu maji ya robine inakujaka usiku, tunaamuka saa nane tunapanga mabido, na hii mitoto imemwanga bido mbili nzima ku kichwa ya muntu ju amezaliwa. Nikauliza, "Njo nini hii?" Wakanijibu, "Mama, njo kusema amekuwa mukubwa." Nikawaambia ukubwa wa mayai utaoga nao leo na maji ya kuchota mwenyewe ku ziwa. Walienda, wote sita, na mabido. Mashahidi wako.

Ila lile jibu lilinibakia. Amekuwa mukubwa, ju ya siku moja. Mu filamu na mu riwaya njo inakuwaka vile, kijana anaamuka asubui ya aniversere yake, anafunguliwa siri, anapewa upanga ao barua ya marehemu baba, na kufika jioni ni mwanaume. Inapendeza. Mama mukwe wangu ni Munyanga wa Walikale, na yeye alikuwa anatuambiaka ya Mwindo, yule mutoto wa mufalme wa Tubondo mwenye jina yake ingine ni Kabutwakenda, ni kusema amezaliwa na papo hapo anatembea. Huyo hakungoja hata miaka 18! Alitoka tumboni anasema na anatembea, baba yake akamufunga mu ngoma akamutupa mu maji, akatoka, akashinda kila kitu. Lakini mama mukwe alikuwa anashusha sauti akifika ku mwisho: Mwindo aliua joka yenye ilikuwa rafiki wa Radi, basi Radi akashuka akamubeba juu mbinguni, na kule Mwindo muzima, shujaa, akakaa mwaka moja anapigwa na baridi, na mvua, na jua, wanamufundisha kujishusha. Nyuma ya ile mwaka njo alirudi kuwa mufalme wa kweli. Wazee wetu hawakuwa na Biblia mu mukono, lakini waliona kama kuzaliwa unatembea haitoshi.

Na Bwana wetu mwenyewe, mwenye angeweza kuzaliwa anatembea, alikubali kubebwa mugongoni. Luka 2, ako na miaka 12 anawashangaza walimu mu hekalu, halafu akashuka pamoja nao mpaka Nazareti, naye alikuwa akiwatii. Kutoka pale Biblia inanyamaza mpaka anakaribia miaka 30. Hesabuni: karibu miaka 18 ya kimya. Miaka 18 ya useremala na kuchota maji na kutii mama. Vijana, hakuna mwinjilisti aliandika foto ya aniversere yake.

Mama yangu mimi, ku karte yake waliandika tu amezaliwa kuelekea 1950, siku hakuna anaijua. Anasemaka alijua amekuwa mukubwa siku walimupatia jembe yake mwenyewe, siyo ya kuazima.

Kuna kitu ingine nitaipitia haraka ju inaniogopesha. Wamama wa hapa munaelewa, mutoto mwanaume akifika 18 mu hii nchi siyo furaha tu, unaangalia mabega yake imepanuka na moyo unaruka. Hesabu 1:3, mu jangwa Mungu aliwaambia wahesabu wa kwenda vita kuanzia miaka 20. Siyo 12. Siyo 14. Muombe pamoja nami hapo, sitaandika zaidi.

Sasa siku ya ine, ju ya nini nililia. Nilimuita ku ateliye nimupime sawasawa, nikatuma wanafunzi wangu inje. Mabega 47. Na nikipitisha mita nikasikia chini ya vidole ngozi ya bega ya kuume imekuwa ngumu, kama kisigino. Nikamuuliza hii ni nini. Akanyamaza. Nikamuuliza tena. Akasema tangu mwaka jana, zile siku za posho (jumamosi) nilikuwa nafikiri yuko ku repetisio ya kwaya, alikuwa anashuka ku ziwa kubeba mifuko ya maharagi ku mashua za Idjwi, ju ile minerval yenye nilikuwa nafikiri mujomba wake anaimaliza, mujomba aliacha kuilipa zamani, na hakutaka nijue.

Maria alisema, "Mwanangu, mbona umetutenda hivi?" Yeye alikuwa amemupoteza siku tatu. Mimi ni miaka, na hatukutoka mu nyumba moja. Nilimwambia uongo ni uongo hata ukiwa na mufuko ku bega, na atatubu ju ya ile kwaya, akakubali. Halafu nikakosa maneno, nikaandika 47 mu kaye, nikaandika na tarehe.

Shati nimeifungua mugongo, nimeongeza vipande ku mabega, na nimeacha mukunjo mukubwa ndani. Ile bluu ilikuwa imekwisha, nilizunguka soko nzima ya Kadutu sikuipata, nimeweka ya kijani. Wale wa kwaya, mukimuona siku ya Mungu musimuchekelee.